Vifaa vya gereji vya mtumba: kipi kinunuliwe, kipi kiachwe mezani kwa muuzaji

Spana_Kumi:
Wakuu, salaam. Swali hili halichoki kurudi: kijana katoka VETA, mtaji wake unatosha ama seti mpya ya vipande mia na kitu ndani ya sanduku la plastiki, ama rundo la mtumba wa Japani na Ujerumani pale Gerezani, Dar es Salaam. Achukue kipi? Naanza na msimamo wangu, mtanisahihisha.

Mtumba unaoanza nao ni ule usio na tumbo. Spana ya ringi ni kipande kimoja cha chuma. Ubovu wake wote uko nje, unaonekana kwa jicho na kidole. Racheti ina tumbo. Jeki ina tumbo na damu. Kadiri kifaa kinavyoficha mambo ndani, ndivyo bei yake ya mtumba inavyopaswa kushuka, na vingine havifai hata kwa bure.

Kwa Toyota, Nissan na pikipiki za Japani, kazi kubwa inafanywa na namba chache (milimita za upana wa kichwa cha bolti): 8, 10, 12, 14, 17, 19, na 21 ya nati za magurudumu. Namba 10, 12, 14 na 17 chukua mbili mbili, kwa sababu upande mmoja unashika bolti na mwingine unazungusha nati. Ukihudumia na gari za Ulaya, ongeza 13, 16 na 18. Bolti ya M8 (unene wa milimita 8) kwenye Toyota mara nyingi ina kichwa cha 12, kwenye gari la Ulaya ni 13. M10 ni 14 kwa Mjapani, 16 au 17 kwa Mjerumani. M12 ni 17 kwa huyu, 18 au 19 kwa yule. Seti za sandukuni zinajazia hesabu kwa 7, 9 na 20 zitakazokaa humo mpaka zipate kutu.

Unapokwenda kuchagua, weka mfukoni bolti tatu mpya: kichwa cha 10, cha 14 na cha 17. Ingiza, zungusha. Mchezo kidogo ni wa lazima, chuma na chuma vinahitaji pumzi. Lakini pembe za bolti zikianza kupanda ukuta wa spana, weka chini, hiyo itakula vichwa vya bolti za wateja. Kwa spana ya flati pima mdomo kwa venia (kipimo cha midomo inayoteleza) sehemu mbili, nchani na kwenye kina. Nchani pakiwa papana kuliko kwenye kina, mdomo umeshapanuka na haurudi. Namba 17 ikisoma zaidi ya 17.4 siichukui.

Angalia na rangi. Chuma chenye doa la buluu au kahawia karibu na mdomo kimeonja moto: kuna mtu alikipinda kwa gesi au alikisaga kwa grenda bila kupoza. Ugumu umeondoka hapo, hata kama spana inang'aa.

fundi_mdogo_88:
Mkuu shukrani. Sasa maandishi "Chrome Vanadium" yanatosha kuamini? Kuna muuzaji anaweka sumaku kwenye spana, ikinata anasema ndiyo chuma halisi.

Spana_Kumi:
Sumaku haisemi chochote mdogo wangu. Chuma cha nondo kinanata, na chuma cha vanadi kinanata. Hapo anakuonyesha mazingaombwe.

Maandishi nayo kila kiwanda kinagonga. Tazama yamewekwaje. Spana nzuri ina maandishi yaliyotoka pamoja na kifaa wakati wa kufuliwa: yameinuka au yamezama kwa kina sawa, herufi zimenyooka. Yaliyochorwa juu juu, au herufi zinazopanda na kushuka, yatilie shaka. Halafu tupa ndogo: ipitishe taratibu sehemu isiyoonekana ya mpini. Kwenye chuma laini inazama na kutoa unga bila kubisha. Kwenye spana iliyokolezwa vizuri inateleza au inakwaruza kidogo tu kwa tabu. Omba ruhusa kwanza, maana ukikwaruza bila kuagana umeshanunua.

Majina yanayostahili kusimamisha mguu: KTC, Koken na Tone kwa Japani, Hazet, Gedore na Stahlwille kwa Ujerumani, Facom ya Ufaransa, Beta na USAG za Italia, Bahco ya Sweden, Snap-on ya Marekani. Britool na King Dick za Uingereza bado zinaonekana kwenye marundo ya zamani. Ila jina ni mwanzo wa ukaguzi. Hazet iliyopanuka mdomo ni chuma chakavu chenye jina zuri.

MenoSabiniNaMbili:
Naingia kwenye racheti, hapo ndipo watu wengi wanapoliwa.

Muuzaji atakuzungushia hewani uisikie inavyolia, "trrr". Racheti mbovu nayo inalia vizuri ikiwa haina mzigo. Ichomeke kwenye bolti iliyobanwa kwenye vaisi, au mwombe muuzaji ashike soketi kwa plaizi kubwa, kisha ibane kwa nguvu ya mkono mmoja. Legeza, sogeza jino moja, bana tena. Fanya hivyo mpaka mzunguko ukamilike, halafu geuza upande wa kufungulia urudie. Meno yaliyolika yapo sehemu moja tu ya duara, hivyo jaribio la mara moja linaweza kukukosesha. Ikiruka hata mara moja, hesabu kwamba siku ya bolti ngumu itaruka na vidole vyako vitakutana na bodi ya gari.

Idadi ya meno ina maana yake. Meno 24 yanadai mpini usogee nyuzi 15 kabla ya kushika jino jingine. 36 ni nyuzi 10. 72 ni nyuzi 5. Kwenye injini iliyobanana, nyuzi 5 zinakuokoa. Kwenye bolti za difu, 36 yenye meno manene naiamini zaidi.

Ikiwa nzito kuzunguka lakini hairuki, usiikimbie. Mara nyingi ni grisi iliyoganda na vumbi. Fungua kifuniko, osha kwa mafuta ya taa, kausha, weka mafuta mepesi matone mawili matatu. Usijaze grisi nzito: vile vidole vinavyoshika meno vinasukumwa na springi ndogo sana, grisi inavichelewesha na racheti inaanza kuruka wakati meno yake ni mazima kabisa. Kwa hiyo racheti inayoruka na imejaa grisi, mwambie muuzaji bei ya mbovu. Huenda ukaosha tu ikapona.

Soketi_Nyeusi:
Nyongeza kwenye soketi. Zile zinazong'aa ni za mkono. Nyeusi zenye ukuta mnene ndizo za mashine ya upepo. Soketi ya kung'aa imekolezwa kuwa ngumu, na ukiigonga kwa mashine inapasuka vipande vinavyoruka. Ukiona ya kung'aa ambayo tundu lake la mraba limechakaa kwa ndani kama limetafunwa, imeshapigwa na mashine. Iache hata kama nje inapendeza.

Ufa unaanzia kwenye kona za ndani, pale ukuta ulipo mwembamba. Pitisha ukucha. Au ining'inize kwenye kamba uigonge na nyingine: nzima inalia kama kengele, yenye ufa inatoa sauti ya bati.

Kati ya pembe sita na kumi na mbili, kwa mtumba chukua sita. Ya pembe 12 ikilika kidogo tu, inashika ncha ya bolti badala ya ubavu.

Toki_Sahihi:
Sijaona mtu kagusa spana ya toki, ile ya kukazia bolti kwa nguvu iliyopimwa. Msimamo wangu: MTUMBA HAPANA. Ile ya kulia "tak" ina springi ndani, na aliyekuwa nayo huenda aliiweka miaka miwili ikiwa imebanwa kwenye 100. Springi imechoka, namba kwenye mpini inadanganya. Ukikaza bolti za silinda hedi kwa uongo huo, gasketi haitakungoja.

MenoSabiniNaMbili:
Mkuu Toki, hapo naomba tutofautiane. Inapimika kwa ndoo ya maji.

Bana kichwa chake cha mraba kwenye vaisi, mpini ulale sawasawa na ardhi. Pima kutoka katikati ya mraba hadi katikati ya mshikio, tuseme ni sentimita 40. Set 60 Nm (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Hesabu: 60 ugawe kwa 9.81, kisha ugawe kwa 0.4, unapata kilo 15.3. Toa uzito wa mpini wenyewe. Spana ya kilo 1.3 ambayo uzito wake uko katikati, sentimita 20 kutoka kwenye mraba, inachangia kama kilo 0.65 pale kwenye ndoo. Inabaki takriban kilo 14.6. Ning'iniza ndoo uliyoipima uzito, mimina maji taratibu. Lita moja ni kilo moja, hakuna uchawi.

Kiwango cha ISO 6789 kinaruhusu kosa la asilimia 4 kwa spana za aina hii zinazozidi 10 Nm. Hapo ina maana inatakiwa ilie ndoo na maji vikiwa kati ya kilo 14.0 na 15.2. Rudia mara tano. Ikilia kila mara mahali pamoja lakini pembeni ya namba, inarekebishika. Ikilia leo 13, kesho 16, irudishe.

Toki_Sahihi:
Hesabu nimeikubali. Lakini ndoo hiyo utaining'iniza kwenye meza ya mmachinga saa ngapi? Kwa hiyo masharti yangu: inunuliwe tu kwa muuzaji anayekubali urudishe kesho yake, na ipimwe kwenye namba tatu, chini, katikati na juu. Moja haitoshi. Na usiitumie chini ya asilimia 20 ya namba yake kubwa. Spana ya 200 Nm haifai bolti za 20. Ukimaliza kazi irudishe kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo, usiilegeze kupita hapo. Na kamwe isitumike kufungulia.

mama_haidroliki:
Jeki. Tusicheze hapa.

Jeki isiyobebeshwa gari haijapimwa. Inua upande mmoja wa gari, weka stendi chini ya chesisi ikiwa na nafasi ya sentimita mbili bila kugusa, weka alama ya chaki kwenye urefu wa jeki, subiri dakika 15. Ikishuka milimita moja au mbili naweza kuzungumza bei. Ikishuka mpaka gari limekaa kwenye stendi, muuzaji abaki nayo. Hakuna mtu anayeingia chini wakati wa jaribio hili, hata kichwa.

Kabla ya hapo vuta pistoni yote nje uitazame. Ikiwa na vishimo vya kutu, hata kama leo haivuji, kila ikipanda na kushuka vile vishimo vinakwangua sili. Sili mpya utakayoweka itakwenda njia ileile. Pistoni laini yenye sili iliyochoka ni biashara nzuri. Pistoni yenye vishimo ni hasara.

Ubovu mwingine unaletwa na watu: kuongeza mafuta ya breki kwenye jeki. Sili nyingi za jeki ni za mpira unaopatana na mafuta ya madini; mafuta ya breki yanaufanya uvimbe na kulainika. Kujua kilichomo, fungua kizibo, chovya kijiti, dondosha tone kwenye glasi ya maji. Mafuta ya haidroliki yanaelea. Yakiyeyuka na kupotea ndani ya maji, ni ya breki, na sili zote zihesabu zimekufa.

Ikipanda kwa kunesanesa kama inakanyaga sponji, hiyo ni hewa, siyo ugonjwa. Legeza vali ya kushushia, pampu mara kumi na tano hivi bila mzigo, ongeza mafuta, funga.

Stendi za mtumba: yoyote iliyochomelewa tena kwenye mguu au kwenye meno, mwiko. Hata uchomeleaji ukiwa mzuri wa kupendeza.

Nyali_Inchi:
Habari zenu kutoka Mombasa. Nauliza kwa sababu huku marundo ya spana za Kiingereza ni mengi: kuna moja imeandikwa 1/2, nyingine 1/4 W, na ukiziweka pamoja hii ya robo ni kubwa kuliko ile ya nusu. Je, ni makosa ya kiwanda?

Spana_Kumi:
Si makosa ndugu. Yenye W ni ya Whitworth, mfumo wa zamani wa Uingereza, na namba yake ni unene wa bolti, siyo upana wa kichwa. 1/4 W ina mdomo wa milimita 13.3 hivi. Ile ya 1/2 ya kawaida inapima mdomo wenyewe: 12.7. Ndiyo maana.

Kwa gari za milimita, inchi chache tu zinakubali: 5/16 inakaa kwenye 8, 5/8 kwenye 16 kwa kubana sana, 3/4 kwenye 19 vizuri kabisa, 15/16 kwenye 24 kama bolti si nene kupita kiasi. 1/2 haiingii 13, na 9/16 kwenye 14 inacheza, inakula pembe. Whitworth chukua kama unahudumia Land Rover za mwanzo, Bedford au mashine za zamani. Vinginevyo ni za kunolea patasi.

Nyali_Inchi:
Nimeelewa. Hiyo robo nitamwachia mwenye Bedford.

umeme_wa_gereji:
Vifaa vya umeme kutoka Japani: soma kibati kabla ya kusifu rangi. Umeme wao ni 100 V, wetu ni 230. Grenda ya Japani ukiichomeka ukutani inazunguka kwa furaha sekunde chache, halafu moshi. Inahitaji transfoma ya kushusha, na isiwe ndogo: grenda ya W 720 ipe angalau VA 1500, kwa sababu inapoanza inavuta zaidi ya kibati kinavyosema. Jumlisha bei ya transfoma kabla ya kusema umepata rahisi.

Mtumba wa Uingereza wa plagi ya njano ya duara ni wa maeneo ya ujenzi, 110 V, mambo ni yaleyale. Wa plagi ya miguu mitatu bapa ndio unaokubali ukuta wetu moja kwa moja.

Kompresa au grenda ya mezani yenye kibati cha 60 Hz peke yake ina tatizo la pili. Kwetu ni 50 Hz, mota ya aina hiyo itapungua mwendo kwa moja ya sita na kupata joto hata voltisho likiwa sawa. Drili na grenda za mkono zenye kaboni hazijali hilo.

Vya betri: nunua mwili, betri ihesabu bure. Betri ya 18 V iliyojaa inasoma 20 na kitu kwenye multimeta. Ikisoma chini ya 12, seli zimelala. Na chaja iliyokuja nayo kutoka Japani nayo ni ya 100 V, watu wanasahau hili wanaichoma siku ya kwanza.

Soketi_Nyeusi:
Bisibisi je? Skrubu za nyota za pikipiki za Japani nyingi zina kidoti kidogo kichwani. Hizo zina umbo lao, na bisibisi ya nyota ya kawaida inaruka na kuzikwangua. Bisibisi za mtumba wa Japani, kwa mfano Vessel, zinakaa humo barabara. Ndiyo mtumba pekee ambao hata ukiwa na hela ya kipya ningekwambia uchukue. Angalia ncha: kingo ziwe kali. Bapa iliyolika unaweza kuisaga upya taratibu huku unaipoza kwa maji. Ya nyota haisagiki.

fundi_mdogo_88:
Na venia na maikromita? Nimeona venia za Mitutoyo kwa bei ya chini kuliko mpya za Kichina.

MenoSabiniNaMbili:
Nunua, lakini nenda na beringi mpya ya 6203 kwenye karatasi yake. Ni kipimo cha maabara kinachouzwa duka la spea. Nje ni 40.00, tundu ni 17.00, upana 12.00, na kosa la kiwandani kwa nje na tundu ni kama sehemu moja tu ya mia ya milimita. Kwanza funga midomo ya venia uielekeze kwenye mwanga: isipitishe mstari, na isome sifuri. Kisha pima beringi nje, halafu tundu kwa midomo ya juu. Sifuri ikiwa sawa lakini 40 inasoma 39.8, midomo imelika sehemu moja au imepinda. Pima ukitumia nchani, kisha ndani karibu na shina. Ikitofautiana, hiyo ilishawahi kutumika kama spana.

Toki_Sahihi:
Tapu na dai (vya kukatia nyuzi za tundu na za bolti) za mtumba: hapana, na hapa sitaki ndoo ya maji. Meno matatu manne ya mwanzo ndiyo yanayofanya kazi na ndiyo yanayokufa kwanza. Tapu butu inakatikia ndani ya tundu, na kuitoa ni kazi kuliko ile uliyoitiwa. Nunua mpya moja moja kwa unachotumia: M6 ya 1.0 (milimita kutoka jino hadi jino), M8 ya 1.25, M10 ya 1.25 kwa Wajapani, M12 ya 1.25 na ya 1.5. Kwa M8 toboa 6.8, kwa M10 ya 1.25 toboa 8.8.

mama_haidroliki:
Kuhusu kutu, maana mtaleta nyumbani magunia: siki ya dukani, usiku mmoja, suuza, tumbukiza kwenye maji yenye magadi kuua asidi, kausha juani, paka mafuta. Usiloweke springi, wala kifaa ambacho kromu yake imeanza kubanduka. Siki itaingia chini ya ganda na kulimenya lote, na ganda la kromu linakata vidole kama wembe.

Spana_Kumi:
Mwisho kwa leo: ukiona spana tano zimechongwa herufi zilezile za mtu kwa mkono, na sanduku lake halipo, uliza zimetoka wapi na uandikishiane. Kununua mali ya wizi ni kosa, na fundi aliyeibiwa huwa anazijua spana zake kwa mkwaruzo.